Ushirika usaidie shule, lakini wanachama tuulizwe

Natoa maoni yangu juu ya vyama vyetu vya ushirika vya msingi na msaada wao kwa shule za vijijini. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Lukuledi, Wilaya ya Masasi, na ni mwanachama wa ushirika.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika korosho mwaka 2007, mkulima wa Masasi, Newala na Tandahimba hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi. Chama huzipeleka ghala kuu, kisha chama kikuu, yaani MAMCU kwa upande wetu au TANECU kwa ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, husimamia mnada. Mkulima hulipwa baada ya makato. Katika makato hayo imo gharama ya usafiri, ya ghala, ushuru wa Halmashauri na fungu la ushirika wenyewe. Sehemu nyingine huongezwa humo mchango wa elimu au wa maendeleo ya kijiji.

Mimi siupingi mchango wa elimu, bali naona unastahili kutetewa. Ushirika ni mali ya wanachama, na wanachama ndio wazazi wa watoto wanaokaa chini darasani. Kujali jamii ni msingi wa saba wa ushirika duniani, uliotangazwa mwaka 1995, lakini desturi yenyewe ni ya zamani zaidi. Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, walifika mahali wakatenga asilimia mbili na nusu ya faida kwa ajili ya elimu. Hapa kwetu Tanzania, KNCU ya Kilimanjaro, iliyoandikishwa mwaka 1933, ilijenga Chuo cha Biashara mjini Moshi katika miaka ya 1950 kwa fedha ya kahawa. Kama kahawa iliweza, korosho itashindwaje?

Wapo watakaosema kwamba elimu sasa haina ada, hivyo kazi hiyo tuiachie Serikali. Ni kweli ada ilifutwa hadi Kidato cha Nne kuanzia Januari mwaka 2016, na sote tunashukuru. Lakini Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo ulieleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Hapo kwenye chakula ndipo penye shida.

Ndugu Mhariri, fedha ya korosho huingia mikononi kati ya Oktoba na Desemba. Shule hufunguliwa Januari. Kuanzia Januari hadi Machi mahindi mapya bado yako shambani na ghala za nyumbani zimekwisha. Hiyo ndiyo miezi mtoto anapokwenda shule bila kitu tumboni, na ndiyo miezi utoro unapoongezeka. Mzazi akibanwa sana huwaendea wale wa kangomba, akauza korosho za msimu ujao kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo njaa ya mtoto huzaa deni la baba, na deni la baba hukipunguzia chama mzigo wa kupeleka mnadani. Chama kinacholisha shule kinalinda korosho zake chenyewe.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Chama kinachokusanya tani 500 kikitenga shilingi 10 kwa kila kilo, kitapata shilingi milioni tano. Mkulima mwenye kilo 800 atakuwa ametoa shilingi 8,000. Mahindi yakinunuliwa mara tu baada ya mavuno, wakati bei iko chini, na kuhifadhiwa katika ghala la chama, fedha hiyo itasaidia sana uji wa Januari hadi Machi. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Kinachowaudhi wakulima si hizo shilingi 10. Kinachowaudhi ni kuziona kwenye karatasi ya malipo bila kuulizwa, kisha msimu unapita na hakuna anayejua zilikwenda wapi. Nimewahi kukatwa mchango wa madawati kwa misimu miwili, na nilipouliza nikaambiwa suala liko ngazi za juu. Mchango wa namna hiyo ni kodi iliyovaa kofia ya ushirika. Mwanachama aliyekatwa hivyo mwaka huu, mwakani hatasita kumpelekea kangomba magunia yake.

Sisi watu wa kusini tunajua ushirika ukitengwa na mkulima huwa nini. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na vikarudi kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka hiyo korosho za nchi nzima zilishuka kutoka tani 145,000 hivi za msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, bei ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga. Hata hivyo fundisho moja ni wazi, kwamba mkulima asiposikilizwa huliacha shamba likawa pori.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, mchango wowote wa shule upitishwe na Mkutano Mkuu wa chama cha msingi, kwa kiwango na kwa msimu mmoja tu, na msimu ukiisha uombwe upya. Pili, fedha hiyo iwe na hesabu yake peke yake, isichanganywe na gharama za chama. Tatu, mapato na matumizi yabandikwe ukutani katika ofisi ya chama na katika shule yenyewe, ili hata mtoto wa darasa la tano aweze kuyajumlisha. Nne, Kamati ya Shule na bodi ya chama zipokee mahindi au madawati kwa pamoja na kutia saini, na wakaguzi wa COASCO wayaone maandishi hayo.

Nawaomba Maofisa Ushirika wa Wilaya walisimamie jambo hili kabla ya mikutano ya kufungua msimu. Nasi wanachama tuache tabia ya kwenda mkutanoni kusubiri posho na soda, twende tukahoji. Chama ni chetu na watoto ni wetu.

Mkulima wa Korosho,
Lukuledi, Masasi.