Resori mpya, makelele mapya: usiseme «itazoea»

Wafanyakazi wenzetu, na ninyi mama na watoto mnaopanda kamio kwenda sokoni ao shambani, leo tunasema juu ya neno moja la magaraji ambalo limeleta hasara nyingi. Neno lenyewe ni «itazoea».

Mnajua namna linavyotumika. Kamio imetoka garaji. Mbele imewekwa resori mpya na amortisere mpya, rangi yake nyeusi bado inang'aa. Shofere anafika kwenye shimo la kwanza, anasikia: ko! ko! Anarudi kumwambia fundi. Fundi anafuta mikono na kitambaa, anajibu: «Vyombo ni vipya. Acha itembee, itazoea.» Shofere anaenda zake, anafungulia radio.

Mimi nasema wazi katika ukurasa huu: chuma hakizoei. Mtu ndiye anayezoea. Siku ya tatu masikio ya shofere hayasikii tena yale makelele, lakini kamio bado ni ile ile, na buloni iliyolegea kidogo siku ya kwanza sasa imelegea sana.

Fundi mwenye kujitetea atasema kwamba resori mpya inashuka kidogo ikianza kubeba mzigo. Ni kweli. Rangi iliyo katikati ya majani ya resori inabanwa, majani yanakaa vizuri, na brida, zile fimbo za chuma zilizopindwa kama herufi U, zinavutika kidogo. Lakini angalia mwisho wa maneno hayo: kama resori imeshuka na brida imevutika, basi ekru zilizokazwa jana leo hazikazi tena. Kwa hiyo ile sababu anayoitoa ya kuacha kamio iende ndiyo sababu ya kuirudisha. Vitabu vya watengenezaji wengi wa kamio vinaagiza ekru za brida zikazwe tena baada ya safari za kwanza zenye mzigo. Wengi wanataja kilometa 500 hadi 1.000. Ekru za magurudumu hazingoji hata hivyo: baada ya kilometa 50 hadi 100 zinapaswa kupimwa tena. Mtu anayetoka Lubumbashi kwenda Likasi, njia ya kilometa karibu 120, amepita kipimo hicho kabla ya kufika.

Kwa nini tunapiga kelele juu ya jambo la garaji katika ukurasa wa usalama? Kwa sababu wengi wanafikiri kazi ya resori ni kulainisha njia tu, ili mgongo usiume. Kwenye kamio yenye majani ya resori mbele, resori ndiyo inayoshika esio mahali pake. Esio inashika magurudumu, na magurudumu ndiyo yanayotii volani. Resori ikicheza, esio inacheza, na volani unayoshika haiongozi tena kama unavyodhani. Makelele ya mbele ni habari ya volani.

Niliona kamio moja, jina la mwenyewe halina maana hapa, iliyobeba wafanyakazi wa posti ya usiku. Resori zake za mbele zilibadilishwa mwisho wa juma. Siku ya kwanza ya kazi shofere alisikia mlio mmoja tu akikanyaga freni, ka!, na mlio mwingine akianza kwenda. Kwenye mashimo hakusikia kitu. Akaambiwa ni freni, itazoea. Aliyegundua ubaya hakuwa fundi. Ni mtoto wake wa miaka kumi, aliyekuwa akicheza mpira pale kambini mahali baba alipoegesha. Alisema: «Baba, gurudumu la huku limerudi nyuma.» Shofere alicheka, halafu akaangalia, akaacha kucheka.

Walichukua kamba. Wakapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, wakafunga fundo. Wakaenda upande wa kuume na kamba ile ile. Ilizidi kwa vidole vitatu. Maana yake esio ilikuwa imerudi nyuma upande mmoja. Walipofungua, waliona sababu. Katikati ya kila resori kuna buloni inayofunga majani pamoja, na kichwa chake kinapaswa kuingia katika tundu lililo juu ya esio. Upande wa kuume kichwa hakikuingia. Fundi alikaza brida resori ikiwa imekalia kichwa cha buloni, kama mtu aliyekalia jiwe. Kwa macho ilionekana imekazwa vizuri. Kila freni ilisukuma esio kidogo, mpaka kichwa kikakatika. Usiku ule ule kamio ilikuwa ipande na watu zaidi ya thelathini nyuma.

Kamba ile ilikuwa ya kufungia mihogo. Haikuomba franka hata moja.

Sasa, wewe uliyesikia makelele baada ya kubadilisha vyombo vya mbele, uanze wapi? Wengi wanauliza: inalia wapi? Hilo ni swali la pili. Shasi ni chuma kirefu, inabeba sauti kama kengele, na mlio wa kushoto unaweza kusikika chini ya miguu ya aliyekaa kuume. Nimeona mafundi wakibadilisha amortisere nzima ya upande usio na kosa. Swali la kwanza ni: inalia wakati gani? Ukijibu hilo vizuri, umemaliza nusu ya kazi bila kuchafua mikono.

Kama inagonga kwenye mashimo madogo ukienda polepole, milio mikavu, mifupi, inayofuatana, tafuta kwanza kwenye ncha za amortisere, juu na chini, na kwenye ile fimbo inayozuia kamio isilale kwenye kona. Mara nyingi ni mpira uliosahauliwa, ao ekru iliyokazwa kwa mkono ikangoja ufunguo usiokuja. Kama ni mlio mmoja ukishika freni na mmoja ukianza kwenda, umesikia habari ya kamio ya posti ya usiku: brida, buloni ya katikati, jumeli na vijiti vyake. Kama fundi aliondoa vyombo vya freni ili apate nafasi ya kufanya kazi, avitazame navyo tena. Kama kamio imesimama nayo inanung'unika ukizungusha volani, basi ni pivo zisizopata grisi, ao viungo vya volani.

Kuna mlio mwingine unaofanana na kitanda kizee, hasa kwenye pikapu zenye mipira ndani ya macho ya resori. Hapa kosa ni la namna ya kufunga. Fundi aliinua gari, magurudumu yakaning'inia, akakaza buloni zote mpaka mwisho. Gari liliposhuka chini, mipira ikajipinda, nayo inabaki imejipinda siku zote. Inalia, kisha inapasuka kabla ya wakati wake, na watu wanasema mipira ya siku hizi ni mibaya. Buloni hizo zinakazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe. Ukitaka kujua kama mlio ni wa mpira, mwagia maji ya sabuni. Ukinyamaza kwa muda halafu ukarudi, ni mpira. Usimwagie mazuti wala mafuta ya injini: yanaula mpira.

Na mlio unaofuata mwendo, ukiongeza mbio unazidi, ukipunguza unapungua? Huo hauna mjadala. Simama pembeni ya njia, palepale. Yaweza kuwa kipande kinachokwaruza, yaweza kuwa rulema, lakini yaweza pia kuwa ekru za gurudumu, na gurudumu likichomoka haliulizi kama umebakiza kilometa mbili.

Baada ya masikio, tumia macho. Mahali chuma kinapocheza juu ya chuma panajionyesha: panang'aa kama sarafu, ao panatoa unga mwekundu kama wa kutu kando ya ekru. Katika kiangazi vumbi la njia zetu linafunika kila kitu, kwa hiyo futa kwanza, tembea safari moja, kisha tazama. Mvua nayo inaosha ule unga. Usitegemee kwamba hakuna kitu kwa sababu ni safi.

Hapa nataka kusema kwa ukali kidogo juu ya namna tunavyotafuta makelele. Kuna garaji ambapo mwanafunzi wa kazi anawekwa kwenye ngazi ya kabini, ameshika kioo, kichwa chini, kamio inatembea, eti asikilize. Hiyo si kazi ya fundi, ni kuchezea mtoto wa mtu. Anayesikiliza akae ndani, dirisha wazi, injini isipigwe sana, radio izimwe. Kama ni kutazama volani ikizungushwa, kamio isimame, freni ya mkono imevutwa, vipande vya mbao ngumu vimewekwa mbele na nyuma ya magurudumu, mmoja azungushe polepole, mwingine atazame kutoka pembeni. Usilale chini ya kamio iliyoshikwa na kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua. Ya kushika ni vigingi vya chuma. Na ukitaka kujua kama tundu la jicho la resori limelingana na tundu la jumeli, ingiza chuma. Usiingize kidole. Resori inaruka mara moja, na kidole kilichokatika hapo hakiunganishwi na fundi wa garaji.

Neno moja la afya, kwa sababu linahusu kazi hii moja kwa moja. Mafundi wetu wazee wamefanya kazi miaka mingi karibu na kompresa, mashine za kutoboa na nyundo. Makelele ya desibeli 85 na zaidi, saa nane kila siku, yanaharibu masikio polepole, nayo yanaanza kuua milio mikali na myembamba, si mizito. Kwa hiyo fundi mwenye uzoefu anaweza kusema kwa moyo mweupe: «Sisikii kitu.» Hasemi uongo. Hasikii kweli. Asione haya kumwita kijana asikilize pamoja naye, na kijana asimcheke. Na wote wawili wavae vifuniko vya masikio pale kompresa inapolia, ili yule kijana naye asifikie hali hiyo.

Ninajua wakubwa wa kazi watakaposoma hapa watasema: kamio inatakiwa saa kumi na mbili, hakuna nafasi. Tuhesabu pamoja. Kila resori ya mbele ina brida mbili, kila brida ina ekru mbili. Jumla ni ekru nane. Fundi mmoja mwenye ufunguo wa kupima nguvu anazimaliza kabla ya watu wa posti kumaliza kupanda. Ninachoomba ni hiki: kukaza huko kuandikwe katika kitabu cha kamio siku ile ile resori zinapofungwa, pamoja na hesabu ya kilometa ambayo kamio itarudi. Kusiwe wema wa fundi wala kumbukumbu ya shofere. Na kamio ijaribiwe ikiwa na mzigo, fundi mwenyewe akiwa ndani. Kamio tupu kwenye uwanja wa garaji haisemi siri zake.

Shofere naye akiandika «inalia mbele nikishika freni», asiitwe mvivu. Wengine wameacha kuandika kwa sababu ya neno hilo.

Na ninyi mnaokaa nyuma, mara nyingi mnasikia kabla ya shofere, kwa maana hamna dirisha wala radio. Gongeni kabini. Kama kamio imetoka garaji juma hili, mnayo haki ya kuuliza kama ekru zimekazwa mara ya pili.

Shofere, kesho asubuhi kabla ya kuwasha injini, chukua rangi nyeupe kidogo na kijiti. Kwa kila ekru ya brida na ya gurudumu ambayo fundi amekwisha kukaza, piga mstari mmoja unaotoka juu ya ekru mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Chaki haifai, mvua itaichukua. Kila siku zungukia kamio na tochi, tazama mistari tu, ni kazi ya dakika mbili. Mstari uliovunjika maana yake ekru imezunguka. Usiikaze mwenyewe na kuondoka: mwite fundi aone kwa nini ilizunguka, na watu wangoje chini.