Kutu ya gari la wazi huanzia ndani

Mazda MX-5 ilizinduliwa Chicago Februari 1989, na Japani ikauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Aprili 2016 gari la milioni moja likatoka kiwandani. Injini zake ni ngumu kufa. Kinachoyamaliza magari haya ni kutu. Ukikaa na wenye nayo, mafundi wao na madalali wanaoyauza, utasikia maneno yale yale yakisemwa kwa uhakika mkubwa. Mengi si kweli, na karibu yote yana kasoro moja: yanatazama bati la nje, ilhali gari hili huoza kwa maji yaliyokwisha kuingia ndani.

“Nimebadilisha paa, maji hayaingii tena.” Hili ndilo la kwanza, na ndilo linaloponza wengi. Paa la turubai halikuundwa limwage maji yote nje. Mvua inayoteremka nyuma ya paa hupokewa na mfereji mwembamba wa plastiki uliofichwa nyuma ya viti. Mfereji huo huyapeleka pembeni, chini ya mhimili wa mkanda wa kiti, na hapo maji huingia kwenye bomba, moja kila upande, yakatokea chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Yaani maji hupita ndani ya bodi kwa makusudi. Turubai liwe jipya la bei mbaya au kuukuu lenye viraka, njia ni ile ile.

Bomba hilo likiziba ndipo balaa linapoanza. Majani, vumbi na nyuzi za turubai lililochakaa hukusanyika mdomoni mwake. Inua kapeti nyuma ya kiti, ingiza kidole: ukigusa tope jeusi lenye harufu ya uvundo, jua maji yamekwisha kutafuta njia nyingine, nayo ni boksi la bati lililo chini ya mlango. Boksi hilo lina bati la nje na la ndani, na katikati hakuna jua wala upepo. Kutu huanza huko, na siku utakapoona rangi imevimba kama kipele mbele ya tairi la nyuma, bati la ndani limekwisha kutoboka.

Kipimo chake hakina gharama. Mwaga kikombe cha maji kwenye mfereji, kisha chungulia chini. Yasipotiririka mara moja, zibua. Usitumie waya mgumu, maana bomba ni la plastiki na ukilisukuma vibaya litachomoka, halafu maji yote yamwagikie humo humo ulimotaka kuyaondoa. Uzi mnene wa mashine ya kukatia nyasi unatosha.

“Nimepiga lami chini, kutu kwaheri.” Lami ikipakwa juu ya bati safi na kavu ina faida yake. Shida ni kwamba mara nyingi hupakwa juu ya kutu iliyokwisha kuanza, ikafungia unyevu ndani. Jiwe moja la barabarani likiichubua, maji hupenya nyuma yake na kutambaa bila kuonekana. Kibaya zaidi, fundi mwenye haraka huziba kwa lami vile vitundu vidogo vya chini ya boksi ambavyo kiwanda kiliviacha ili maji yatoke. Kwenye kizazi cha pili, kilichoanza 1998, mihimili ya chini upande wa mbele imeundwa kwa bati juu ya bati, na kutu hukaa katikati. Lami inang'aa nje, ndani mnabomoka. Binafsi, nikiona gari kuukuu la wazi lenye lami mbichi chini, nauliza kwanza linauzwa na nani.

Kinachofaa ni nta maalumu ya kupuliza ndani ya maboksi, kwa mpira mrefu wenye ncha inayorusha pande zote. Nta hubaki laini, hupenya maungio ya bati na haichaniki kama lami. Lakini bodi iwe imekauka kabisa kabla ya kupuliza: Uingereza kazi hiyo ni ya kiangazi, na Pwani yetu ni ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi.

“Oili chafu na dizeli ni dawa ya wazee.” Ni kweli oili hufukuza maji kwa muda. Lakini iliyotoka kwenye injini imebeba asidi, masizi na chembe za chuma, inaharibu mipira ya gari, inadondoka na kuchafua ardhi, na ikizoea kugusa ngozi yako inaweza kuleta saratani. Mafuta safi yapo, na si ghali kiasi hicho.

“Kutu ni ya Uingereza, huko wanakomwaga chumvi barabarani.” Wanamwaga, tena nyingi, nyingine ikichimbwa ardhini kule Winsford. Lakini chumvi haiulizi imetoka mgodini au baharini. Ikishatua juu ya bati, huanza kunyonya unyevu wa hewa mara hewa ikipita takriban asilimia 75 ya unyevu, na alfajiri nyingi za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hupita hapo bila hata tone la mvua. Kisha gari linapelekwa kuoshwa kwa maji ya kisima cha chumvi! Suuza kwa maji baridi ya bomba, na usiishie juu: pitisha mpira wa maji ndani ya upinde wa tairi, kwenye mkunjo wa bati unaoshika tope.

Wanaofunika gari kwa turubai la nailoni usiku na mchana wanafungia unyevu. Kivuli chenye upepo kinashinda. Hata gereji yenye joto, anayojivunia mkaazi wa Ulaya, huharakisha kutu gari likiingizwa na chumvi mbichi.

“Dawa ya kutu inarudisha chuma.” Hairudishi. Asidi iliyomo hugeuza kutu nyembamba kuwa tabaka jeusi lililotulia, pale tu inapofika. Puti nayo ni sura tu. Pitisha sumaku, itashika bati na kuteleza kwenye puti. Katika ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, bati lililooza ndani ya sentimita 30 kutoka penye mkanda wa kiti au maungio ya springi hulirudisha gari nyumbani, na puti haikubaliwi.

“Basi kata, chomelea bati jipya, yaishe.” Kwenye gari lenye paa la chuma, paa husaidia kubeba bodi. Hili halina paa la kulishikilia. Maboksi ya chini ya mlango ndiyo yanayobeba mzigo. Ukiyakata hivi hivi bodi inalegea katikati, na mlango hautafungika tena sawasawa. Lazima uwazi wa mlango ukazwe kwanza kwa vyuma vya kuushikilia. Fundi asiyevitaja kabla ya kuwasha mashine, chukua funguo zako uondoke.