Desemba 3 Makofi, Januari Ngazi Ziko Palepale

Wasee, leo naanza na kalenda. Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu ni Desemba 3, Umoja wa Mataifa uliitangaza 1992. Sasa niambieni, Desemba 3 mwanafunzi wa Kenya huwa wapi? Yuko nyumbani, likizo. Kwa hivyo kila mwaka tunapewa hotuba ndefu kuhusu elimu ya wanafunzi wenye ulemavu siku ambayo hakuna darasa hata moja liko wazi, tukaangalie kama yanayosemwa ni ya kweli. Labda ni bahati mbaya tu. Lakini wenye hotuba inawafaa sana.

Programu yenyewe mnaijua. Hema, viti vya plastiki, T-sheti za rangi moja, kwaya ya watoto juani wakingoja mgeni wa heshima ambaye amechelewa saa mbili. Akifika anashika maikrofoni: "Ulemavu si kutojiweza!" Makofi.

Mimi hiyo sentensi imenichosha, na nitawaambia kwa nini. Inamfanya mtoto ndiye wa kuthibitisha kitu. Yeye ndiye aonyeshe kwamba anajiweza, aimbe, acheze ngoma, apite mtihani, ndio tuamini. Shule haiulizwi. Maabara iko ghorofa ya pili, ngazi tupu, hakuna rampu. Hapo ni nani hajiwezi, msichana aliye kwa kiti cha magurudumu ama jengo?

Kuna mwaka niliitwa kurekodi sherehe kama hizi. Jukwaa lilikuwa limepambwa vizuri, riboni kila mahali, lakini halikuwa na rampu. Narudia: sherehe ya wanafunzi wenye ulemavu, jukwaa bila rampu. Jina la mvulana mmoja lilipoitwa, wanaume wanne walimbeba na kiti chake mpaka juu, mbele ya umati wote, apokee cheti. Kijana wa kidato cha pili hivi, umri ambao hata mamako akikushika mkono barabarani unaona aibu. Cheti ni karatasi. Hakuna aliyefikiria kumshushia. Aliyenikodi akaninong'oneza nisogee karibu nichukue uso wake. Sikusogea. Huo uso haukuwa wa mtu anayesherehekea.

Na Katiba yetu, Ibara ya 54, haki ya kwanza inayompa mtu mwenye ulemavu ni kutendewa kwa heshima. Ndio inafuata elimu, vifaa, Lugha ya Ishara na Breli. Karatasi tunazo, hatujakosa. Sheria ya 2003, sera ya elimu ya 2018, sheria nyingine mpya 2025. Tunachokosa ni vitu vya kushikika. Mashine moja ya Breli inagharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na mwanafunzi asiyeona anaihitaji kama wewe unavyohitaji kalamu. Jaribu kuambiwa mshiriki kalamu moja watu sita.

Ama chukua mwanafunzi kiziwi. Serikali inamruhusu afanye mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Poa. Halafu anapelekwa shule ya kawaida ambapo hakuna mwalimu hata mmoja anajua ishara, anakaa nyuma akinakili ubao muhula mzima, na hiyo tunaiita elimu jumuishi. Enyewe tumemjumuisha kwenye rejista.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwa komenti: si afadhali hiyo siku iwepo, kuna wazazi bado wanaficha watoto. Ni kweli, wapo. Sensa ya 2019 ilipata asilimia 2.2 tu ya Wakenya wana ulemavu, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu duniani. Hata ukisema vipimo ni tofauti, hilo pengo ni kubwa mno. Kuna watu hawakuhesabiwa. Na kama mama mmoja ataona watoto wamevaa yunifomu pale kwa hema apate moyo wa kumtoa wake nje, nakubali, hema limefanya kazi. Lakini huo moyo ataupeleka mlango gani? Shule ya karibu inamwambia hatuna vifaa. Shule maalum nyingi ni za bweni na ziko mbali, kwa hivyo aamue kama mtoto wa miaka sita aende akalale mbali na nyumbani, ama abaki ndani. Anarudi alikotoka, sasa akiwa na T-sheti.

Mimi nasema sherehe ifanywe katikati ya muhula, Juni hivi, ndani ya shule ya kawaida ya kutwa, bila hema. Mgeni wa heshima azungushwe na mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu: darasani, maktaba, chooni. Hasa chooni. Akishika maikrofoni atuambie tangu mwaka jana zimejengwa rampu ngapi na wameajiriwa wakalimani wangapi. Hana nambari, akae chini, kwaya ipumzike pia, wanafunzi waongee.

Na nyinyi mlio shuleni, nina kazi yenu. Hesabu ngazi kutoka geti mpaka maktaba. Pima kama mlango wa choo unapitisha kiti cha magurudumu. Uliza mwalimu gani anaweza kukusalimia kwa ishara. Nitumie inbox, jina la shule uache ukiogopa kusimamishwa. Nitaweka zote hapa Desemba 2.