Franco nambari 41?

Jana nimefungua orodha yangu ya Last.fm nikacheka. Nambari 1 ni wimbo wa katuni! Franco, niliyelelewa naye nyumbani, yuko nambari 41. Ati hiyo ndiyo ladha yangu?

Tatizo ni hesabu. Last.fm hukupa alama 1 wimbo ukifika nusu, au dakika 4. "Mario" ya mwaka 1985 inapita dakika 10, alama ni hiyo hiyo moja. Wimbo wa dakika 2 ungeshazoa 5, na sebene hata halijapoa.

Nimeandika programu fupi, nikazidisha idadi kwa urefu wa wimbo. Franco akaruka hadi nambari 3. Huyo sasa namtambua.

Katuni bado inaongoza. Simu hushinda na binti yangu, mnisamehe.