Pete, Shela na Mahari: Tushike Kiini cha Ndoa



Katika parokia zetu wako wengi wanaoishi kama mume na mke kwa miaka mitano, hata kumi. Wana watoto, wanasali pamoja nasi katika shirika, lakini wakati wa Komunyo hubaki wameketi. Ukiwauliza kwa nini hawajafunga ndoa, ni nadra wakujibu kwamba hawapendani. Watakuambia: mahari haijatimia, gauni ni ghali, ukumbi haujapatikana, tena watu watasemaje? Hivyo desturi zilizowekwa ili kuilinda ndoa zimegeuka kuwa ukuta wa kuizuia. Yafaa basi tujue zilitoka wapi.

Pete ni ya kale kuliko Kanisa. Warumi walimpa mchumba pete, mara nyingi ya chuma tu, iwe rehani ya ahadi. Wakristo waliipokea desturi hiyo, wakaibariki, wakaifanya ishara ya uaminifu. Shela tunaiona tangu kitabu cha Mwanzo: Rebeka alipomwona Isaka kwa mbali, alijifunika. Lakini tusisahau kwamba kabla ya safari hiyo, ndugu zake walimwita na kumwuliza kama anakubali kwenda. Zawadi zilikuwa zimekwisha kutolewa, hata hivyo neno lake lilingojewa.

Gauni jeupe, ambalo wengi hulidhani amri ya Kanisa, ni desturi changa. Malkia Victoria wa Uingereza alilivaa alipoolewa mwaka 1840, matajiri wa Ulaya wakamwiga, na baadaye watu wengine. Kabla yake bibi harusi alivaa nguo yake nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote. Weupe waweza kutukumbusha vazi la Ubatizo, na hilo ni jema. Bali hakuna ndoa iliyopungukiwa neema kwa sababu ya rangi ya kitambaa.

Mahari ndiyo yetu hasa. Kwa wazee wetu ng'ombe, mbuzi au majembe hayakuwa bei ya binti. Yalishuhudia kwamba koo mbili zimefungamana, kwamba kijana ameheshimu waliomlea mkewe, na kwamba ugomvi ukizuka wako watu wa kupatanisha. Leo katika baadhi ya familia orodha ya vitu inafanana na hati ya dukani, na kijana huanza maisha ya ndoa akiwa na deni. Wazazi husema kwamba mahari ndogo ni dharau kwa binti yao. Tunaiheshimu hofu hiyo, kwani mzazi anayo haki ya kushukuriwa. Lakini je, binti anaheshimiwa zaidi akikaa miaka kumi bila ndoa, akingojea orodha imalizike? Hata Sheria ya Familia ya nchi yetu, ingawa inadai mahari, inakubali iwe ya ishara tu, na ndoa iweze kufungwa sehemu yake ikiwa imetolewa.

Kanisa lilikwisha kukutana na swali hili zamani. Mwaka 866 Wabulgaria, waliokuwa wamebatizwa karibuni, walimwandikia Papa Nikolao wa Kwanza wakiuliza mambo mengi. Kuhusu ndoa aliwaeleza desturi za Roma: pete, mahari, sadaka, shela, mataji. Kisha akaongeza kwamba kuyakosa hayo si dhambi, hasa kwa maskini, kwa maana kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili wanaooana. Baadaye, mwaka 1563, Mtaguso wa Trento uliagiza ridhaa hiyo itamkwe mbele ya padri na mashahidi, ili pasiwe na ndoa za siri. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisikitika kwamba wengine hawafungi ndoa kamwe kwa sababu ya gharama za sherehe.

Hatusemi desturi zitupwe. Mti hauishi bila gome. Lakini gome peke yake ni kuni. Tunaomba mambo matatu. Familia zikutane mapema mbele ya wazee wa shirika, zipatane mahari inayoweza kutolewa. Wenye uwezo mdogo wasione haya kufunga ndoa katika Misa ya Dominika pamoja na wenzao, kisha wale chakula nyumbani. Nasi vijana tuache kuwacheka waliofanya harusi ndogo, kwa maana kicheko chetu nacho ni sehemu ya gharama.

Kule Kana divai iliisha, na arusi haikuvunjika: Yesu alikuwa amealikwa.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:
1. Katika ukoo wenu, mahari ilimaanisha nini kwa mababu, na leo inamaanisha nini?
2. Ni nani katika shirika letu anayezuiwa na gharama tu, nasi tunaweza kumsaidia vipi?