Roketi za Ngomeni na Haki ya Jirani

Twaambiwa ya kwamba kituo cha kurushia roketi hukuza mji. Sisi twauliza: mji wa nani? Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha majukwaa yao baharini, na tangu 1967 hadi 1988 roketi zikaruka. Satelaiti ya tarehe 12 Desemba 1970 ikaitwa Uhuru, maana ndiyo siku ya uhuru wa Kenya. Mahali palipendwa kwa kuwa karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi bila malipo. Bila malipo kwa nani? Malindi ilipata mahoteli. Ngomeni imebaki kijiji cha wavuvi.

Sisi wa Mlabani tusiwacheke. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na nyaya zikapita juu ya vijiji vilivyoendelea kuwasha vibatari. Basi, viongozi wa jumuiya, ajapo mgeni kutaka ardhi ya bonde letu, mkataba usomwe kwanza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, na fungu la wenyeji liandikwe humo kwa tarakimu.