Mfadhili Naye Hutembelewa

Katika seminari zetu haipiti siku bila kuwaombea wafadhili. Tunawataja kwa pamoja, walio hai na marehemu, kisha tunakwenda mezani kula chakula ambacho wao wamekichangia. Desturi hii ni njema na tunaomba idumu. Hata hivyo, sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kuyauliza maswali hata mambo tuliyoyazoea, na hapa tunaona lipo swali ambalo halijaulizwa vya kutosha. Mfadhili akizeeka, kumbukumbu ikampotea na asiweze tena kutoa, anabaki kuwa nani kwetu?

Swali hili linajitokeza wazi katika maisha ya mama mmoja wa Marekani, Brooke Astor, mwandishi na mfadhili mkubwa wa jiji la New York. Alizaliwa mwaka 1902 na kufariki Agosti 2007, akiwa na umri wa miaka 105. Baba yake alikuwa mwanajeshi, hivyo sehemu ya utoto wake aliishi China. Aliolewa akiwa na miaka 17 tu, na ndoa hiyo ikamletea machungu mengi hadi ikavunjika. Mume wa pili alifariki mwaka 1952. Kwa miaka kadhaa alikuwa mhariri katika gazeti la House & Garden, na baadaye aliandika riwaya pamoja na vitabu viwili vya kumbukumbu za maisha yake, Patchwork Child na Footprints. Mwaka 1953 aliolewa na Vincent Astor, mmoja wa matajiri wakubwa wa New York. Vincent alipofariki mwaka 1959, mjane huyo alibaki na mali nyingi, na pia akawa msimamizi wa mfuko wa hisani ambao mumewe aliuanzisha kwa lengo la kupunguza mateso ya wanadamu.

Mali hiyo ilikuwa na historia yake. Mzee wa ukoo, John Jacob Astor, alitoka Ujerumani, akatajirika kwa biashara ya manyoya, kisha akanunua ardhi katika kisiwa cha Manhattan. Wazao wake walivuna kodi kwa miaka mingi, na sehemu ya kodi hiyo ilitoka katika nyumba zilizosongamana, walimoishi wahamiaji maskini katika hali duni. Brooke Astor aliamua kwamba kwa kuwa fedha zilitoka New York, zirudi New York. Alitoa kwa maktaba kuu ya jiji, majumba ya makumbusho, vituo vya vijana, na makazi ya watu wa kipato cha chini. Mfuko ulipofungwa mwaka 1997, ulikuwa umetoa karibu dola milioni 195. Mwaka uliofuata alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru, heshima ya juu kabisa kwa raia wa Marekani.

Kilichotugusa zaidi ya kiasi hicho ni namna alivyotoa. Alikuwa na desturi ya kwenda mwenyewe kupaona mahali panapoombewa msaada. Alikwenda Harlem na Bronx, akapanda ngazi, akakaa na watu na kuwasikiliza. Tena alikwenda amevaa kofia, glavu na lulu, kama anavyovaa akienda kwa matajiri wenzake. Wapo waliocheka. Yeye aliona kwamba kwenda kwa maskini na nguo za hovyo ni kuwavunjia heshima. Sisi hatuwezi kumcheka. Kwetu pia hakuna anayekwenda ukweni na nguo za shambani.

Waswahili husema kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli, lakini maisha ya mama huyu yanatuonyesha kwamba kutoa ni miguu pia. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anaeleza kwamba kutoa fedha ni jambo ambalo yeyote anaweza kulifanya. Ugumu upo katika kumpa anayestahili, kwa kiasi kinachofaa, kwa wakati wake na kwa nia njema. Mtu atajuaje hayo yote asipokwenda kuona? Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda mbele zaidi. Anapoorodhesha matendo ya sadaka, anaweka kumtembelea mgonjwa pamoja na kumlisha mwenye njaa na kumvika aliye uchi. Kwa hiyo kumtembelea mtu si nyongeza ya sadaka. Ni sadaka yenyewe.

Sasa tuutazame mwisho wa mama huyo. Katika miaka yake ya mwisho alipatwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mambo yake yalisimamiwa na mwanawe wa pekee, Anthony Marshall, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani nchini Kenya kati ya 1973 na 1977. Mwaka 2006, mjukuu wake Philip alikwenda mahakamani akidai kwamba bibi yake hatunzwi ipasavyo katika nyumba yake mwenyewe, na akaomba awekewe msimamizi mwingine. Haki inatudai tuseme pia kwamba jaji aliona madai ya kutendewa vibaya hayakuthibitishwa. Lakini kuhusu mali, mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2009, Anthony, akiwa na miaka 85, alitiwa hatiani kwa kujinufaisha na mali ya mama yake aliyekuwa hana uwezo wa kujiamulia, na mwanasheria aliyeshitakiwa pamoja naye akatiwa hatiani kwa kughushi.

Wapo watakaosema alivuna alichopanda, kwa kuwa waandishi wa maisha yake wameeleza kwamba uhusiano wake na mwanawe ulikuwa wa ubaridi tangu utotoni. Hatuwezi kuwa mahakimu wa jambo hilo. Ikiwa ni kweli, linatuongezea fundisho: mtu anaweza kulizunguka jiji zima akitembelea wahitaji, na nyumbani kwake akabaki mmoja aliyekuwa akimsubiri. Bado hilo halihalalishi mzee kuporwa. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuwekewa sharti kwamba wawe walikuwa wazazi wazuri.

Wengine watasema matajiri hawahitaji kutembelewa, kwani wana watu wao. Brooke Astor alikuwa na watumishi, wanasheria na jumba katika mtaa wa kifahari. Pamoja na hayo yote, ilihitajika mtu wa kuingia ndani, kumtazama bibi yake kama bibi, na kuuliza mbona hali iko hivi. Utajiri ulimletea watu wengi wa kumzunguka. Wa kumjali kwa ajili yake mwenyewe hawakuwa wengi kiasi hicho.

Jambo hili liko karibu nasi kuliko linavyoonekana. Katika vigango vyetu wapo akina mama waliouza kuku ili mseminari apate nauli, na wazee waliotoa kiwanja likajengwa kanisa. Siku hizi hutoweza kuwaona mbele kwenye harambee, kwa sababu miguu imechoka na hawana tena cha kutoa. Methali ya kwamba mkono mtupu haulambwi inaeleza tabia ya watu, haielezi Injili. Siku hizi pia ni rahisi kumtumia bibi kijijini fedha kwa simu na kuhesabu kwamba wajibu umekwisha. Fedha hufika kweli, lakini simu haiwezi kuona kama zimefika mikononi mwake au mikononi mwa mwingine, wala kama amekula.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo dogo. Kila seminari iwe na orodha ya wafadhili wake wazee na wagonjwa, ikianza na wale wa parokia za jirani. Mafrateri wapangiwe kuwatembelea wakati wa likizo, mikono mitupu ikibidi, bila kitabu cha michango na bila kamera. Walio mbali wapigiwe simu au waandikiwe barua isiyoomba chochote. Na tukikuta mzee anadhulumiwa au ametelekezwa, tumweleze paroko na viongozi wa jumuiya, tusinyamaze kwa kuogopa kuingilia mambo ya familia.

Tutaendelea kuwaombea wafadhili kila jioni. Lakini sala inayosema "uwakumbuke" inamdai pia yule anayeisali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wapo wenyeji wengi wanaosubiri kupona, na baadhi yao ndio waliotulipia karo.